Nafasi ya Vidole Viwili

Alasiri ile ilikataa kwisha. Ilianza pale watu walipotoka makaburini wakawa wananawa miguu kwa kopo nje ya mlango, na tangu hapo jua lilikaa juu ya paa la jiko la marehemu Bi Mashavu, halipandi wala halishuki. Watoto walirudi kutoka chuoni, wakala, wakaenda tena, wakarudi tena, na vivuli vyao havikurefuka. Nguo zilizoanikwa zilikauka mpaka zikawa ngumu kama mbao, lakini hakuna aliyezianua, kwa sababu nguo huanuliwa jioni, na jioni haikuja. Watu wa mji ule walikuwa na adabu. Walipepea nyuso zao kwa vipepeo vya ukindu, wakasema joto la mwaka huu limezidi, na hakuna aliyekwenda kumwambia Mwatima, binti wa marehemu, kwamba jua limesimama kwa sababu yake.

Mji wenyewe ulikuwa na jina zamani. Lilitamkwa sana, likapauka kama kanga iliyofuliwa kupita kiasi, na wakati wa kisa hiki watu walisema tu "hapa". Mtu alizaliwa hapa, akaolewa hapa, akafia hapa. Aliyeondoka alikuwa "huko", na huko hakukuwa na jina pia.

Mwatima alikuwa amekaa mkekani katika chumba cha ndani, miguu ameikunja upande. Mbele yake palikuwa na sinia, na ndani ya sinia zilikuwamo shanga za mama yake: nyekundu, nyeupe, nyeusi, chache za samawati, na nyingine za udongo wa kuchoma ambazo rangi yake ilikwisha zamani. Kando ya sinia kulikuwa na kikombe cha chai aliyoletewa na majirani siku ya mazishi, kama siku ile ilikuwa nyingine na hii ni nyingine. Alikuwa hajaigusa. Mvuke ulipanda kutoka kikombeni, ukapanda, ukapanda. Chai ile nayo haikupoa.

Hakuwa amelia. Watu walidhani anajizuia, wakamsifu. Hakujizuia. Alitafuta ndani yake mahali ambapo kilio kilipaswa kuwa, kama mtu anayepapasa rafu gizani akijua aliweka kitu pale, na mkono wake ukagusa mbao tupu.

*

Katika mji ule kila mtoto wa kike huvishwa utunda kabla hajajua kukaza shingo. Utunda ni shanga zilizotungwa uzi mmoja zikazungushwa kiunoni, chini ya nguo, na hukaa hapo maisha yote, zikiongezwa na kubadilishwa kadiri mwili unavyobadilika. Kwa mtoto ni mizani. Bibi yake hupitisha kidole kati ya shanga na ngozi kila asubuhi. Kidole kikibanwa, bibi husema ameshiba huyu, kikipwaya, husema leteni uji. Kwa mwari ni siri anayopewa na somo wake mlango ukiwa umefungwa, pamoja na maneno ambayo hayatoki nje ya mlango huo. Kwa mke ni ulimi mwingine. Shanga nyekundu zikitangulia, mume anaelewa angoje. Nyeupe zikitangulia, anaelewa anakaribishwa, na hakuna aliyefungua kinywa chake. Kwa mzee ni kitu anachokishika akiwa peke yake na hana la kufanya. Hakuna mtu wa nje anayeuona. Husikika tu. Mwanamke akipita nyuma ya ukuta, waliokaa ndani humjua kabla hajapiga hodi, kwa maana hakuna viuno viwili vinavyotikisa shanga namna moja. Kwa hiyo watu wa mji ule, ukiwauliza mtu ni nini, hawakuonyeshi uso. Wanakwambia nyamaza, sikiliza.

Na mtoto ambaye hajavishwa huitwa uchi, hata umfunike kwa majora ya nguo.

Siku mwanamke anapokufa, waoshaji huufungua utunda. Haukatwi. Fundo hufunguliwa, shanga zikamiminwa siniani, na uzi ukabaki mkononi mwa muoshaji, umelainika kwa jasho la miaka. Uzi huo huzikwa naye, umekunjwa kiganjani mwake. Shanga hubaki kwa walio hai, zingojee mtoto wa kike wa nyumba ile. Ndiyo desturi. Uzi ni wake marehemu, kwa kuwa ndio uliojua mpangilio. Shanga ni za wote. Hakuna aliyewahi kuzitunga tena kwa ajili ya maiti, na hakuna aliyewahi kukatazwa, kwa sababu halikumpitia mtu akilini.

Lilimpitia Mwatima.

Uso umekwenda. Umekwenda mapema hivi. Nikifumba macho naona kanga, naona mkono unaochagua mchele, naona pua, lakini ile pua ni yangu, nimeiazima kwenye kioo. Sauti imekwenda nayo. Aliniita jina langu kila siku na sikumbuki aliliita vipi. Kilichobaki ni mwendo. Cha. Cha-cha. Kimya. Cha. Anatoka chumbani kwake kwenda uani, nami nimejilaza macho wazi, naye anadhani nimelala. Cha. Cha-cha. Kimya. Cha. Nao utakwenda. Tayari kimya kinaanza kuimeza sauti.

Ndiyo maana alizishika shanga. Alitaka kuzitunga kama zilivyokuwa, azitikise mara moja, ausikie mwendo ule kabla haujamtoka kama vingine vilivyomtoka. Hakutaka zaidi. Lakini mpwa wake Raya, binti wa kaka yake, alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku ileile ya mazishi, katika chumba cha pili, wakati watu wanabeba jeneza. Shanga zilikuwa za mtoto yule. Na kila mtu hapa anajua kwamba shanga za marehemu zikikaa bila kiuno, huku kuna kiuno kinachozingoja, saa za mji hukosa pa kushika.

*

Mwatima hakuwa mgeni wa kutunga. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa bangili za shanga za kuuza madukani, zile ambazo wapita njia hununua na kuvaa palepale. Alikuwa na mkono mzuri. Bangili zake hazikuonyesha uzi hata kidogo. Ushanga ulikaa juu ya ushanga kama meno ya mtoto, na ukiziviringisha mezani hazikutoa sauti.

Alichukua uzi wa pamba, akaupaka nta, akaanza na nyekundu, kwa kuwa alidhani nyekundu ndizo zilizoanguka kwanza kwenye sinia. Akafuatisha nyeupe, nyeusi, za udongo. Akakaza. Akafunga fundo, akaunyanyua utunda karibu na sikio, akautikisa.

Mlango wa uani ukafunguka, akaingia mtoto wa kike wa miaka kama minane, anaruka kwa mguu mmoja, goti lina kidonda kibichi. Alizunguka chumba, akachungulia mtungi, akakuta hamna maji, akasonya kama mtu mzima. Mwatima aliitambua ile sonyo. Alitaka kumwambia akae, amfunge lile goti. Mtoto alimtazama kama watoto wanavyotazama wageni wa wazazi wao, kwa heshima na bila hamu, akatoka akirukaruka. Cha-cha-cha-cha-cha, hadi mwisho wa ukuta. Ulikuwa mwendo wa mama yake, bila shaka, lakini ulikuwa wa kabla.

Mwatima akafungua fundo, akamimina, akaanza upya. Sasa alichanganya nyekundu moja na nyeupe moja mpaka zikaisha. Akakaza. Akafunga. Akatikisa.

Aliingia mwari, bibi harusi aliyetoka kufukizwa udi siku hiyo hiyo, kucha nyekundu kwa hina, macho ya mtu ambaye amefundishwa mambo mengi kwa siku chache. Alisimama katikati ya chumba akautazama mkeka.

"Wewe ni nani," akauliza, "mbona umekaa mkekani kwangu?"

"Mimi Mwatima."

"Mwatima wa nani?"

Neno "wako" lilikuwa jepesi, silabi mbili tu, na halikumtoka. Akasema, "Wa humu humu."

"Humu hamna Mwatima," alisema bibi harusi, bila ubaya, kama mtu anayemwelekeza aliyepotea njia. "Ningejua." Akanyoosha kanga yake akaondoka, na udi wake ukabaki ukizunguka chumbani ukitafuta pa kutokea.

Alifungua tena. Safari hii alifumba macho akaviacha vidole vichague. Vilichagua za samawati, zile chache, akazitawanya mbalimbali, na aliyekuja kwa sauti ile alikuwa mwanamke mnene, mwenye shavu linalong'aa, aliyeingia akiwa tayari anacheka jambo aliloliacha nje. Alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Alipoona hakuna haraka alikaa, akavua viatu, akaanza kusimulia. Alisimulia safari ya huko alikokwenda na wenzake, jinsi gari lilivyoharibika wakalala shuleni, wakaimba mpaka mlinzi akawaomba radhi kwa kuwakatiza. Mwatima alisikiliza. Hakuwahi kumwona mama yake akiwa amekaa hivyo, miguu imenyooshwa, mikono haina kazi. Aliuliza, polepole, kama ana watoto.

"Mungu hakunijaalia, mwanangu," alisema yule mwanamke, "na mimi sikumsumbua." Akacheka tena, kisha akaona uso wa Mwatima, akaongeza ili kumfariji, "Lakini nalala usingizi."

Alimgusa shavu kwa nyuma ya mkono, akajiinua kwa kuegemea ukuta, na akaenda zake bila ile mbuzi ya nazi. Kiuno chake kilipiga shanga kwa raha, cha-cha, cha-cha, hakina haraka, hakina kimya.

Mwatima alikaa akiziangalia shanga na hakuzigusa kwa muda ambao hauna kipimo. Fikira ilimjia, ikakaa karibu yake kama mtu. Shanga zote zilikuwa zilezile. Hakuna aliyoiongeza, hakuna aliyoipunguza, na bado walikuwa wameingia wanawake watatu, kila mmoja ni mama yake kamili, na kati yao hakuna aliyemhitaji ili awe kamili. Yeye alikuwa amedhani mama ni kitu kimoja kilichokuwepo, kama ukuta, na kwamba yeye ni mlango katika ukuta huo. Kumbe mama alikuwa sinia. Mwatima alikuwa mpangilio mmoja, uliotokea, ukakaa, ungeweza kutotokea. Na sasa sinia liko mapajani mwake, naye ndiye anayepanga. Nani alimpa mamlaka hayo? Mtu akifa, waliobaki wanamshika, wanamtunga wanavyotaka: wengine wanaanza na wema wake, wengine na ugonjwa wake, wengine wanakaza mpaka uzi usionekane, na marehemu hawezi kusema hapana, siyo hivyo, umenigeuza. Hakuna utawala mkubwa kama ule wa walio hai juu ya maiti wao. Hakuna mfalme aliyewahi kupata watu watiifu namna ile.

Alifikiri hayo yote na hayakumuuma. Aliyatazama kama mtu anayetazama mguu wake uliokufa ganzi, akijua ni wake.

*

Raya alipiga hodi kwa sauti ndogo. Alikuwa bado na uso wa uzazi, umevimba kidogo chini ya macho, na kichanga kilikuwa kifuani mwake kimefungwa kanga tatu, moja juu ya nyingine, ingawa joto lilikuwa la kuyeyusha nta. Aliketi ukingoni mwa mkeka. Alieleza, akitazama chini, kwamba mtoto ananyonya na hashibi, wala halii kwa njaa. Kwamba kucha zake hazirefuki. Kwamba alipozaliwa alikuwa na alama ya kukunjamana kwenye sikio ambayo mkunga alisema itanyooka kufikia kesho yake, na mpaka sasa haijanyooka kwa kuwa hiyo kesho haijafika.

"Shangazi," alisema mwishowe, "kitovu hakijadondoka."

"Bado kidogo," Mwatima akamjibu.

"Unasema bado kidogo tangu..." Raya akatafuta neno la kumalizia, jana, juzi, wiki, akakuta yote hayana kitu ndani. Halafu akafungua ukanda wa kanga, akamlaza mtoto mkekani kando ya sinia, karibu kabisa na goti la Mwatima. "Basi kaa naye. Mimi niko barazani. Usinipe kitu. Mwangalie tu."

Akatoka. Kichanga kilifungua macho, yale macho ya siku ya kwanza yasiyoshika chochote, na yakatulia kwenye mvuke wa chai.

Mwatima alimwangalia. Alijua anapaswa kuhisi nini. Aliweka kidole katika kiganja cha mtoto na kiganja kikafumba, kama kinavyofumba kwa kila kidole duniani.

Bado kidogo. Nimsikie mara moja. Mara moja siyo kitu. Mtoto hajui. Hata mimi sikujua, nilikaa hivi pia, mtu akanifunga shanga nikadhani ni sehemu ya ngozi. Nani alinifunga? Alipitisha kidole? Alisema ameshiba huyu? Simsikii. Mara moja tu.

*

Aliyefuata hakungoja kukaribishwa. Ilikuwa sauti ya makubazi kwanza, kisha harufu ya tambuu, kisha mwenyewe: Bi Kirembo, aliyekuwa somo wake Mwatima wakati wa uwari, na ndiye aliyeongoza kumwosha Bi Mashavu.

"Hodi wenye jua lenu," alisema akiingia.

"Karibu, somo. Shikamoo."

"Marahaba. Nimechoka kuamkiwa mchana." Akajitupa mkekani kwa kishindo. Alilalamika kwamba nguo zake zimekauka mpaka kanzu ya mume wake imesimama yenyewe kambani, kwamba tambuu halina ladha likitafunwa saa ileile moja, na kwamba kuna jirani ambaye alikuwa anakuja kulala kwake usiku mmoja tu na sasa hajui atamwondoa lini. Alisema yote hayo bila kumtazama Mwatima, kama mtu anayepanga vyombo kabla ya kupakua. Kisha akanyoosha mkono. "Lete nione unachofanya."

Mwatima alimpa utunda wa mwisho alioutunga. Bi Kirembo aliuvuta kwa vidole, akaukunja, ukakataa kukunjika vizuri. Akacheka, mashavu yakatikisika.

"Hii bangili, mwanangu. Hii ya dukani. Nani alikwambia utunda unakazwa? Ungemfunga mtu hii angetapika wali wake."

Mwatima akasema ndivyo anavyojua kutunga.

"Unajua mikono. Mkono haupumui, wala hauli, wala haubebi mimba. Kiuno kinafanya yote. Uzi lazima uonekane." Alishika shanga mbili akazitenganisha kwa nguvu, uzi ukaonekana, mweupe, kama ngozi chini ya pete. "Unaacha nafasi ya vidole viwili. Hapo ndipo sauti inapokaa. Ukikaza, shanga zinanyamaza, au zinapiga kelele zote pamoja. Nilikufundisha hayo. Ulikuwa umesinzia."

Mwatima akamwambia kuhusu kimya. Alisema ameupata mwendo wa utotoni, na wa harusi, na wa maisha ambayo hayakuwa, lakini hakupata ule wenye kimya katikati. Cha, cha-cha, halafu kimya kidogo hivi, halafu cha. Alisema mama yake alikuwa na kimya hicho katika mwendo, kama mtu mwenye heshima zake, anayesimama njiani kufikiri jambo.

Bi Kirembo aliacha kutafuna.

"Hukijui kimya kile?" aliuliza.

"Nakijua. Ndicho ninachokitafuta."

"Alikuwa anasimama, Mwatima. Anaupandisha. Utunda ulikuwa unamshuka."

Jua halikutikisika. Kichanga kilipiga mwayo.

Bi Kirembo aliendelea kwa sauti ya chini, na sasa hakukuwa na mzaha ndani yake. Alieleza kwamba tangu ugonjwa ulipoanza kumla, Bi Mashavu alikwisha kiunoni kabla ya kwisha usoni, na watu walipomtazama uso walisema hajambo. Shanga zilikuwa zinateleza juu ya mifupa. Akitoka chumbani kwenda uani ilimbidi asimame katikati ya njia, aweke mkono ubavuni juu ya kanga, avute, aendelee. "Nilimwambia nikupunguzie, mwenzangu, nitoe chache tu. Akasema uache, nitanenepa."

Mwatima alirudi nyuma katika kumbukumbu, chumba kwa chumba, akitafuta mwendo wa mama yake wa kabla ya ugonjwa: wa jikoni, wa sikukuu, wa siku ya kumsindikiza Mwatima chuoni. Kila mlango alioufungua ulikuwa na kimya kilekile. Alikuwa amehifadhi sauti moja tu, akaitandaza juu ya maisha yote ya mama, na sauti ile ilikuwa ya mwisho. Alilala chumba cha pili, akausikia mwili wa mama yake ukipungua, akaupenda kama wimbo.

Bi Kirembo alinyanyuka akisaidiwa na goti lake mwenyewe. Alimtazama mtoto, akamtazama Mwatima, na hakusema shanga ni za nani, kwani wote walijua. Alisema anakwenda kuangalia kanzu ya mume wake kama bado imesimama.

*

Alitunga mara ya mwisho. Hakuchagua rangi. Alizichukua zilivyokuja, na safari hii hakukaza. Aliacha nafasi ya vidole viwili, kisha akaacha nafasi ya mkono mzima. Uzi ulionekana kila mahali. Alipofunga fundo, utunda ulining'inia mkononi mwake kama kitu kilichochoka. Hakuhitaji kuutikisa.

Cha. Cha-cha.

Kimya.

Cha.

Mwendo ulitoka chumba cha marehemu, ukapita ukumbini. Cha, cha-cha. Kimya. Sasa Mwatima alijua ndani ya kimya kuna nini, akauona mkono kabla haujaonekana. Cha. Bi Mashavu aliingia, kanga yake ya kijani imezungushwa mara mbili mahali palipotosha mara moja, mfupa wa bega unasukuma nguo. Uso ulikuwa wake. Haukufanana na chochote ambacho Mwatima alikuwa amekitafuta, na ulikuwa wake.

Hakumtazama bintiye. Alikwenda moja kwa moja kwa mtoto, akapiga magoti kwa tabu, kwa hatua tatu za kujishusha, akaingiza mkono chini ya kanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akapapasa. Mkono ukazunguka kiuno kidogo, ukarudi.

"Mtoto yu uchi huyu," alisema.

"Amevikwa kanga tatu, mama."

"Yu uchi."

Hapo ndipo alipogeuka. Alimtazama Mwatima kama unavyomtazama mtu uliyemtuma chumvi dukani akachelewa, na chungu kiko jikoni. Akanyoosha kiganja.

"Nipe na uzi huu. Ni wangu."

Mwatima aliushika utunda kwa mikono miwili. Katika alasiri ile yote hakikuwamo kitu kingine alichokuwa nacho. Akasema, na sauti yake ilimfikia yeye mwenyewe kutoka mbali, "Nikikupa sitakusikia tena."

Bi Mashavu aliweka mkono ubavuni, mahali pale. Hakukuwa na kitu cha kuvuta. Mkono ulikuwa umezoea.

"Nimechoka kuupandisha, Mwatima."

Alilitaja jina. Alilitaja kwa kulivuta kidogo mwanzoni na kuliachia mwishoni, kama mtu anayeweka mzigo chini. Ndivyo alivyokuwa akiliita. Ndivyo hasa.

Mwatima aliinamisha kichwa akafungua fundo kwa meno. Shanga ziliteremka siniani kwa mkupuo mmoja, zikapiga bati, zikaruka, zikatulia. Ilikuwa sauti kubwa, na haikuwa mwendo wa mtu. Aliweka uzi juu ya kiganja kile kilichonyooshwa. Mama yake aliuzungusha kidoleni kama fundi anavyozungusha uzi uliobaki, asiutupe, akasimama. Alitoka kwa njia ya uani. Hakusimama katikati. Miguu yake haikutoa sauti yoyote, na Mwatima alisikiliza mpaka mwisho wa ukuta, na zaidi kidogo.

Kisha alikata uzi mpya. Alimfunua mtoto kanga moja baada ya nyingine, akapima kiuno kwa uzi, akachukua shanga, nyekundu, nyeupe, ya udongo, nyeupe, bila mpangilio anaoweza kuukumbuka. Zilizobaki alizifunga kwenye leso. Zingengoja mwili ukue. Alifunga fundo. Alipitisha vidole viwili kati ya shanga na ngozi. Ngozi ilikuwa ya moto, ikapanda na kushuka juu ya vidole vyake. Alivikalisha hapo. Hakukuwa na bibi mwingine nyumbani wa kufanya hivyo, na kwa mujibu wa ukoo bibi alikuwa yeye.

Alimwita Raya. Raya aliingia mbio akiwa na kiatu kimoja, akaona, akamwinua mtoto kifuani, na mtoto aliyekuwa ametulia muda wote akakunja miguu akaipiga hewani kwa hasira.

Cha.

Mwatima aliinua kichwa. Alisikiliza kwa makini, kama alivyosikiliza wengine. Haikuwa sauti ya mama yake, wala ya yule wa goti lenye kidonda, wala ya bibi harusi, wala ya yule mnene anayelala usingizi. Haikuwa ya mtu yeyote bado.

Nje mtu alikuwa anaanua nguo, zikilalamika kambani. Kivuli cha paa la jiko kilikuwa kimefika kizingitini. Mwatima akakinyanyua kikombe, akanywa, na chai ilikuwa imepoa.